Maua mabichi Mwanza: namna ya kuyachagua, kuyafikisha na kuyakabidhi kwa umpendaye

Mjini siku hizi kila mtu anapewa maua yake. Kipa akidaka penalti, apewe maua yake. Mama ntilie akikaanga sato akakolea, naye apewe maua yake. Maneno hayo tunayagawa bure tena kwa wingi. Ila muulize mtu wa Igoma au Pasiansi ni lini mara ya mwisho alishika ua bichi mkononi. Atafikiri kidogo, halafu atakutajia makaburini.

Mimi ni mpambaji wa kumbi za harusi hapa Mwanza. Maua yamepita mikononi mwangu ndoo kwa ndoo, na mengi nimeyaona yakilala kwenye meza kuu kabla keki haijakatwa. Kazi hiyo imenifundisha kwamba ua linalomgusa mtu ni lile lililomfikia likiwa zima, kutoka kwenye mkono anaoujua. Bei haina kazi kubwa hapo. Shada la gharama lililonyaukia juu ya bodaboda linashindwa na waridi moja lililokaa ndani ya chupa ya maji tangu asubuhi. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni habari za maji, kivuli na usafiri. Wanaoandika kuhusu mapenzi huwa wanayaruka haya, halafu wasomaji wao wanafika mlangoni na majani makavu.

Hatua ya kwanza: anza na mtu, duka litafuata

Kabla hujaulizia bei, jua unampa nani na atayaweka wapi. Mke wako, mchumba, mama mzazi, bibi, mama mkwe, rafiki aliyejifungua: kila mmoja anayapokea kivyake.

Nianze na mama, maana kwake ndiko nilikojifunzia. Baada ya harusi moja nilibakiwa na mawaridi sita mekundu yaliyokuwa bado na nguvu, nikampelekea. Akayatazama, akanitazama, akasema, "Hela hii si ungeninunulia sukari, mwanangu?" Sikumjibu. Nikakaa kwenye kochi nikanywa maji. Nyumbani kwetu hakuna chombo cha maua, basi akazunguka jikoni akarudi na jagi la juisi, lile lenye mfuniko uliopotea, akayapanga na kuliweka juu ya kabati la vyombo kwenye kitambaa chake cha kufuma. Jioni jirani akaja kuazima kinu. Hakuuliza chochote, wala hakutazama kabatini, lakini mama akamwambia, "Hayo kaniletea mwanangu." Siku ya nne nilipopita nikakuta amekwisha kuyapunguza mashina kwa kisu. Hakuna aliyemfundisha.

Kwa hiyo usiogope hilo swali la sukari. Litakuja tu, na jibu lake ni kubeba vyote viwili. Kwa wazazi wetu maua yaandamane na kitu cha jikoni: sukari, mchele, au samaki kutoka soko la Mwaloni. Mfuko wa jikoni ukabidhi jikoni, kimya kimya. Maua yape mkono wake. Ukivitoa kwa pamoja, mchele utameza shukrani zote. Na samaki asikae mfuko mmoja na maua, hilo sidhani kama linahitaji maelezo.

Mchumba anayeishi kwao ni hesabu nyingine. Shada kubwa jekundu likiingia uani mchana kweupe ni tangazo, na pengine wazazi wake hawajaambiwa kitu. Kama uhusiano haujafika nyumbani, mpe nje ya nyumbani, na uchague ua dogo analoweza kuliweka kwenye pochi. Kama umekwisha kujitambulisha, fanya kinyume: mpe mama yake kwanza, hata mawili tu, ndipo umpe yeye. Nimeona posa zikilainika kwa njia hiyo. Mke wa mtu au mfanyakazi mwenzako usimpe waridi jekundu kwa kisingizio cha "ni urafiki tu". Mpe alizeti, au muache.

Wanaume nao wanapenda maua, ila wengi hawatakiri. Mume mpe nyumbani, jioni, akiwa amekwisha kuoga. Usimpelekee kijiweni. Baba mzee anapokea kirahisi zaidi kitu chenye mizizi, kama mche wa waridi kwenye kopo au mlimau. Ataulizia mbolea, atachimba shimo, na mwaka mzima atakuwa anakutumia habari zake.

Rangi

Kuna watu wanahangaika sana na maana za rangi. Mitindo hiyo ilivuma Uingereza katika zama za Malkia Victoria, yule yule ambaye mpelelezi Mwingereza Speke alilipa ziwa letu jina lake mwaka 1858 alipolitazama kutoka huku Mwanza, ingawa wenyeji walikuwa na jina lao, Nyanza, kabla yake. Waungwana wa kule walikuwa na orodha ndefu: jekundu ni mahaba, jeupe usafi wa moyo, la njano wivu. Za kwetu ni chache na tunazijua bila orodha. Jekundu ni mapenzi. Jeupe linafaa harusini na linafaa msibani, kwa hiyo shada jeupe tupu kwa mgonjwa lina utata. Lichanganye na rangi nyingine.

Kitu ambacho orodha za Ulaya hazikukijua ni mpira. Mawaridi ya njano na majani mabichi ya kijani kwa shabiki wa Simba, au mekundu na meupe kwa shabiki wa Yanga, yatazua utani wa wiki nzima. Kama mmezoeana, utani huo nao ni mapenzi. Kama ndiyo siku ya kwanza, chagua pinki.

Hatua ya pili: jua nini kinapatikana

Mawaridi mengi ya biashara hapa kwetu hayaoteshwi Mwanza. Mashamba makubwa ya maua ya nchi yako ukanda wa Arusha na Kilimanjaro, kwenye baridi ya mlima, na maua hutufikia yakiwa kwenye maboksi baada ya safari ndefu ya basi au kwa ndege. Ukilijua hilo utaacha kumlaumu muuzaji kwa bei, na utajua swali la kumuuliza: "Mzigo umeingia lini?" Waridi lililoingia jana usiku na lile lililoingia siku tano zilizopita vinauzwa bei moja, kwenye ndoo moja.

Agiza siku mbili tatu kabla. Kwa tarehe 14 Februari agiza wiki nzima kabla, la sivyo utauziwa yaliyokataliwa na waliowahi, kwa bei ya kukomoana. Ushauri wangu wa kweli ni kwamba mpe tarehe 12, au 20. Ua la siku isiyo na jina linauliza swali zuri moyoni mwa mtu: leo kuna nini? Hakuna kitu. Nimekukumbuka tu.

Kama pesa ni chache, uliza kaneshoni. Hazina jina kubwa kama waridi, lakini kwenye maji safi zinaweza kukaa wiki mbili, wakati waridi likivuka wiki moja kwenye joto letu umelitunza vizuri.

Halafu kuna maua ya huku huku, ambayo watu wanayapita njiani. Alizeti ni bora kuliko yote kwa shada la furaha. Ukipata shamba au ukiotesha mwenyewe uani, likate asubuhi petali zake zikiwa zimeanza tu kunyanyuka kutoka kwenye uso; litamalizia kufunguka ndani ya maji. Zinia zinaota kwa urahisi kwa mbegu, zinachanua ndani ya miezi miwili hivi, na kadiri unavyozikata ndivyo zinavyozidi kutoa. Mtu mwenye ndoo nne za zinia uani hakosi zawadi ya kumpa mgeni.

Pamba je? Waliokulia Kwimba, Magu au Misungwi wanalijua ua lake, ingawa sijawahi kuliona dukani. Linafunguka asubuhi likiwa na rangi ya maziwa, na kesho yake limegeuka pinki, kama mtu aliyesikia sifa zake akaona haya. Kisha linaanguka. Kwa mtu aliyelelewa kwenye mashamba hayo, ua moja la pamba kwenye kikombe litamkumbusha utoto wake wote. Ila omba ruhusa kwa mwenye shamba, maana ukichuma ua umechuma na pamba yake.

Bogenvilia inapendeza ikiwa ukutani. Ukiikata inasinyaa upesi, kwa hiyo itumie kumwaga mezani kwa saa moja mbili, usiifanye shada. Haibiskasi inaishi siku moja tu, uiweke kwenye maji au usiiweke, basi mvalishe nywelani asubuhi na uridhike. Yungiyungi la majini linafunguka mchana na kujifunga jioni. Likiletwa nyumbani utakaa unatazama ngumi iliyofumbwa. Kama umpendaye analipenda, mpeleke kwa mtumbwi akalione lilipo.

Na lile ua la zambarau la gugu maji, najua linavutia kwenye picha. Liache ziwani. Limelitesa ziwa hili tangu miaka ya 1990 ilipoanza, na kipande kidogo tu kikitupwa kwenye bwawa au mtaro kinaanza mkeka mpya. Zaidi ya hapo, ua lenyewe halimalizi siku mbili.

Tahadhari kabla hujaanza kukata kila kinachochanua: oleanda, lile la pinki linalopandwa kama uzio, ni sumu kuanzia jani hadi shina, na maua marefu yanayoning'inia kama tarumbeta nayo ni sumu. Nyumba yenye mtoto anayetambaa isipelekewe. Nyumba yenye paka isipelekewe maua ya lili. Paka akilamba hata chavua yake figo zinaweza kufa.

Hatua ya tatu: kagua kwa vidole

Hapa ndipo hela inapookolewa. Usitazame juu ya ua kwanza, tazama chini.

Chomoa shina moja kwenye ndoo. Mwisho wake uwe msafi. Ukiwa wa kahawia na unateleza kama bamia, limekaa sana. Nusa maji ya ndoo. Maji yanayonuka yamejaa bakteria, na hao ndio wanaoziba njia za maji ndani ya shina. Sasa lishike tumba la waridi kwa vidole viwili, pale chini petali zinapoanzia, ulibonye taratibu. Liwe gumu kama kitunguu. Likibonyea kama sponji, umri wake umekwisha hata kama uso bado unapendeza. Petali moja mbili za nje zenye madoa zisikutishe, hizo ndizo zilizolinda ua safarini; zibandue kwa mkono na ndani utakuta mpya. Muuzaji aliyezibandua hadi ua likabaki jembamba kama penseli anakuficha kitu.

Mara moja nililetewa maboksi mawili ya mawaridi meupe kwa ajili ya harusi ya Jumamosi. Nilifungua Ijumaa usiku, nikaona yanang'aa, nikalala. Asubuhi nusu yameinamisha shingo. Sikuwa nimebonya hata moja. Tuliokoa kiasi kwa njia nitakayoieleza mbele, mengine tukafunika kwa majani, na bibi harusi mpaka leo hajui. Tangu siku hiyo nabonya kila boksi mbele ya dereva.

Chagua yaliyo nusu tumba. Lililofunguka kabisa ni la kupigia picha leo. Lililofumba kabisa na la kijani linaweza kugoma kufunguka.

Idadi? Moja linatosha kwa mapenzi. Matatu, matano au saba hukaa vizuri kwenye jagi kuliko manne, ni jambo la macho tu. Dazeni ni ya mtu mwenye nafasi.

Kuhusu shada la noti linalopendwa siku hizi: kama mtu anahitaji pesa, mpe pesa kwenye bahasha. Pini na gundi vinaharibu noti, na hakuna mahaba kwenye kukaa sakafuni unabandua elfu kumi kumi zenye gundi.

Hatua ya nne: kunywesha na kufunga

Ukifika nyumbani usifunge kwanza. Ondoa majani yote ambayo yangezama majini. Kata shina sentimita mbili kutoka chini, kwa mshazari, kwa kisu kikali. Mkasi butu unaliponda. Ukiweza, kata shina likiwa ndani ya beseni la maji ili hewa isiingie. Weka maua kwenye maji vuguvugu, kivulini, saa mbili au tatu kabla ya kuyapeleka. Huo ndio mlo wake wa safari.

Kwa kufunga, chukua shina la katikati, ongeza mengine ukizungusha mkono upande mmoja, yote yakilala mshazari kuelekea upande ule ule. Funga kwa uzi wa katani au kipande cha khanga. Karatasi ya kaki inatosha. Kipande cha kitenge kikizungushwa kinapendeza zaidi, na yeye atabaki nacho. Mapambo ya kumetameta yaachie mahafali.

Hatua ya tano: kuyafikisha

Maua mengi ya Mwanza hufia hapa, kati ya duka na mlango. Jua la saa saba juu ya mawe ya mji huu lina hasira, na upepo wa mchana unaovuma kutoka ziwani unakausha petali kama nguo kwenye kamba.

Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, ikate shingo, weka maji kiasi cha vidole vinne, simamisha maua ndani. Mdomo wa chupa uzungushie kitambaa ili yasicheze. Hiyo ndiyo dawa yote. Kama safari ni fupi, funga mashina kwa pamba au kitambaa kilicholowa, juu yake karatasi.

Bodaboda: usiyashike juu kama bendera. Kaa nyuma ya dereva, maua yawe katikati ya mgongo wake na kifua chako, vichwa vikiwa chini ya mstari wa mabega, na umwombe aende polepole. Atakucheka, kisha atakuuliza umenunua wapi. Bajaji ni bora. Kwenye daladala yashike mapajani, usiyaweke juu ya injini karibu na dereva. Joto la pale linapika. Kwenye gari dogo usiyaache peke yake madirisha yakiwa yamefungwa, hata kwa dakika ishirini.

Muda mzuri ni kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni.

Wanaovuka maji wana mtihani wao. Nilimpelekea bibi yangu maua Nansio, kwenye kivuko kinachotumia saa tatu na zaidi, nikakaa juu sitahani nifaidi upepo. Tulipofika Ukerewe nilikuwa nimeshika vijiti. Bibi alivipokea kwa mikono miwili, akanishukuru sana, akauliza kama ni dawa. Safari ya pili nilikaa ndani, maua chini ya benchi kwenye chupa, gazeti lililolowa limefunika vichwa, na yalifika yakiwa na umande. Wa Sengerema wamepona adha hiyo. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 maua yao hayakai tena foleni ya kusubiri kivuko juani.

Yakiinamisha shingo njiani usiyatupe. Hewa imeziba njia ya maji. Kata tena shina chini ya maji, yafunge vichwa kwa gazeti ili yasimame wima, kisha yazamishe mashina kwenye ndoo ndefu ya maji vuguvugu hadi karibu na ua. Au lilaze ua zima ndani ya beseni la maji ya kawaida kwa saa moja. Mengi yanaamka. Hivi ndivyo tulivyookoa ile harusi.

Hatua ya sita: kukabidhi

Salamu kwanza. Kwa mkubwa ni shikamoo, usubiri marahaba, ndipo mkono utoke. Nimeona vijana wakimsukumia mama mkwe shada usoni kabla hajaitika. Mpe kwa mikono miwili, au kwa mkono wa kulia wa kushoto ukiushika kiwiko. Mama wa Kisukuma atakuambia "wabeja", na kama ana furaha ya kweli ataisema mara mbili.

Ondoa karatasi ya bei. Inasahaulika kuliko unavyodhani.

Kuhusu mahali, mimi si mpenzi wa maonyesho. Kumletea mtu shada ofisini mbele ya wenzake humfanya acheke kwa ajili ya wenzake. Kama yeye anapenda watu wamwone, sawa, mjue mtu wako. Aliye mpole mpe mkiwa wawili. Mkitaka kutoka, Capri Point jioni jua likizama nyuma ya maji hakuna wa kuwasumbua, na pale karibu na jiwe la Bismarck mtapata upepo na wapiga picha. Tahadhari moja: usiku ule wadudu wa ziwani wanapopanda kama moshi, taa na maua meupe vinajaa wao. Ingieni ndani.

Kwa mgonjwa, uliza wodi kwanza kama wanaruhusu maua, zipo wasizozitaka. Epuka harufu kali. Mara nyingi ni bora kuyasubirisha hadi siku atakayorudi nyumbani, ayakute mezani.

Maneno

Yaliyonakiliwa kwenye simu yanajulikana. Andika jambo moja ambalo mwingine yeyote akilisoma hataelewa. "Ulinisubiri stendi ya Nyegezi mpaka saa tano usiku na mvua ile. Sijasahau." Au kwa mama: "Ile ada ya kidato cha pili, mama, najua ulivyoipata." Tumia kalamu na karatasi ya daftari iliyokatwa vizuri. Kama hujui la kuandika, usiandike. Sema jina lake tu unapompa, kwa sauti yako ya kawaida.

Asumini, kwa mume na mke

Hili nililipata kwa shangazi mmoja aliyeolewa huku akitokea Tanga, na nalipenda kuliko mawaridi yote. Asumini inaota vizuri Mwanza ikipata jua na maji. Sio ua la kufunga kwenye karatasi. Matumba yake yanachumwa alasiri, saa kumi hivi, yakiwa yamevimba na kuwa meupe lakini bado yamefumba. Yaweke kwenye bakuli, funika kwa leso yenye unyevu.

Chukua sindano na uzi wa kushonea. Toboa kila tumba kwenye kikonyo, pale kijani kinapoishia, siyo kwenye weupe, la sivyo litageuka kahawia. Thelathini au arobaini yanatosha kuzungushia fundo la nywele. Ukiongeza kijiti cha mrehani katikati na kuyafunga pamoja unapata kikuba, kile ambacho wanawake wa Pwani hubana kifuani. Kazi yake ni ya nusu saa, na mikono yako itanukia hadi kesho.

Giza likiingia ndipo matumba yanafunguka, moja baada ya jingine, na harufu inajaa chumba. Kwa hiyo unampa mke wako kitu ambacho wakati wa kupewa bado hakijasema lolote. Pwani humwagwa pia juu ya kitanda cha maharusi. Kwa sababu hiyo kikuba usimpe asiye wako. Ujumbe wake hauna kona.

Hatua ya mwisho: kuyatunza pamoja

Usimwachie kazi. Mwambie, au fanya mwenyewe kama mnaishi pamoja.

Kwa lita moja ya maji weka kijiko kimoja cha chakula cha sukari, viwili vya maji ya limau, na nusu kijiko cha chai cha dawa ya maji ya kung'arishia nguo nyeupe (jiki), siyo sabuni. Sukari ni chakula, limau husaidia maji kupanda, na dawa inaua bakteria. Sukari bila dawa ni karamu ya bakteria, afadhali maji matupu ya bomba. Badilisha kila baada ya siku mbili, na kila mara punguza shina kidogo.

Yasikae dirishani kwenye jua wala juu ya friji inayotoa joto. Na yasikae karibu na ndizi mbivu, maembe au parachichi. Matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo hiyo inaliambia ua kwamba wakati wake wa kuzeeka umefika. Nyumba ngapi za hapa zina meza moja tu, bakuli la matunda katikati na maua pembeni yake! Hamisha kimoja.

Petali zikianza kudondoka, toa lile lililochoka peke yake, yaliyobaki yafupishe na uyahamishie kwenye glasi. La mwisho lining'inize kichwa chini mahali pakavu penye giza kwa wiki mbili, litakauka likiwa na umbo lake. Na jagi lisirudishwe kabatini kwa kusuuzwa tu. Lisugue kwa maji ya moto na sabuni mpaka ute wa mashina uishe ukutani mwake, maana ute huo ndio utakaolilaza shada lijalo kabla ya siku ya tatu.